Homa Katika Mwezi wa Marburg

Januari 2025, mtu mwenye homa Biharamulo hakuwa na jirani. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba kirusi cha Marburg kimethibitishwa wilayani kwetu. Mkoani kwetu Kagera tulishakijua kirusi hicho. Machi 2023 kiliingia Bukoba Vijijini, nasi huku tukafuatilia kwenye redio kama habari za nchi ya pili. Safari hii kilikuwa mlangoni. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, waliothibitishwa kwa kipimo walikuwa 2, waliohesabiwa kwamba yamkini walikuwa nacho 8, na wote 10 walikuwa wameshazikwa.

Mimi, mwalimu wa shule, nilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, wenye faili lake Mwanza: kansa ya tezi. Nilikuwa katikati ya kemo, chakula hakikai tumboni, ufizi unatoka damu nikigusa mswaki, na usiku mmoja wa mwezi ule mwili ukachemka. Bango la tahadhari lilisema homa kali ya ghafla, kichwa, kutapika, kuharisha, kutokwa damu. Mtu aliyelisoma kisha akanitazama mimi hakuhitaji maelezo zaidi.

Naandika habari za homa ile kwa sababu wagonjwa wa kansa wa Ngara na Biharamulo hawalazwi Mwanza mwezi mzima. Wanapewa dripu, wanapanda basi, wanarudi nyumbani kwenye migomba na watoto wenye mafua, na dawa inaendelea na kazi yake humo mwilini. Wapo wanaoondoka duniani wakati uvimbe unapungua vizuri tu, kwa homa iliyoambiwa isubiri asubuhi.

Ugonjwa wangu ulianza na uvimbe shingoni, usiouma. Huku kwetu tezi ikivimba shingoni, wa kwanza kushukiwa ni TB, na si ubabaishaji. TB ya tezi ipo na inatibika. Nikameza vidonge vya TB, uvimbe ukaongezeka, ndipo nikaandikiwa rufaa ya Bugando, ile hospitali ya mlimani ambayo tangu 1971 ndiyo mwisho wa rufaa zetu watu wa Kanda ya Ziwa. Kutoka Ngara kwa mama ilikuwa safari ya kutwa: Benaco, Nyakahura, Lusahunga, Biharamulo, Bwanga, Katoro, Geita, Sengerema, halafu foleni ya kivuko pale Busisi. Walinikata kipande kidogo cha nyama shingoni, kikapimwa, jina likapatikana. Limfoma.

Baadaye, nilipopata nguvu za kusoma, nilikuta kwamba ugonjwa wa ukoo huu una historia ndefu katika ukanda wetu. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakazunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa gari wakiulizia hospitali kwa hospitali ulikoonekana. Ramani yao ilifuata sana maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Limfoma yangu haikuwa ile ya Burkitt. Lakini ilinikaa kichwani kwamba malaria na kansa ya tezi zimekuwa zikitazamana katika eneo hili tangu kabla sijazaliwa, na mimi ningekuja kukutana nazo zote mbili kitanda kimoja.

Dawa zenyewe zilikuwa dripu kila baada ya wiki tatu, mojawapo nyekundu kama juisi ya rozela, ikifuatwa na vidonge vya predinisoloni vya siku tano. Nesi aliyenifunga dripu ya kwanza alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo. Aligeuza karatasi ya faili, akachora mstari kwa kalamu ya bluu. Ulianza juu, ukashuka taratibu, ukafika chini, ukapanda tena, kama barabara ya Rusumo inavyoteremka mpaka Mto Kagera kabla ya kupanda upande wa Rwanda. "Mwalimu," akaniambia, "hapa chini ni kuanzia siku ya saba hivi mpaka ya kumi na nne. Hapo huna askari. Mtu akikukoholea hapo, ni msiba."

Sikumwelewa vizuri siku ile. Nilikuwa nawaza nywele. Kemo inawinda seli zinazozaliana haraka, na uvimbe ni mmoja tu kati ya hizo. Nywele zimo, utando wa mdomo na utumbo umo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu umo pia. Kati ya chembe nyeupe za damu, zile ziitwazo neutrofili ndizo za kwanza kuwahi bakteria wanapoingia, na maisha yake ni mafupi mno, kwa hiyo uboho ukinyamaza hazichukui muda kwisha. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo zaidi ya 1,500 katika maikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 500, bakteria wake mwenyewe, wale waliokaa utumboni na mdomoni miaka yote bila ugomvi, wanaweza kupenya mpaka kwenye damu. Mwaka 1966 Dk. Gerald Bodey na wenzake, Marekani, walionyesha jambo hilo kwa hesabu kwa wagonjwa wa kansa ya damu: kadiri chembe zinavyopungua na kadiri zinavyokawia kurudi, ndivyo maambukizi yanavyozidi.

Kuna jambo moja hapo lililonishtua kuliko hesabu yenyewe. Usaha ni mizoga ya chembe hizo hizo. Asiyekuwa nazo hatungi usaha, kidonda chake hakiwi chekundu, hata picha ya kifua inaweza kutoka safi huku mapafu yanaungua. Mara nyingi alama pekee inayobaki ni joto la mwili. Na hilo nalo predinisoloni inaweza kulifunika, sembuse Panadol.

Likizo ya Desemba nilikuwa Ngara kwa mama, upande wa Rulenge. Milima ile ina baridi, na mgonjwa kwetu hukaa chumba cha ndani, dirisha limefungwa, moto haupo mbali. Wageni ndio dawa. Jumuiya ndogo ndogo ilikuja yote kusali, wakaenea chumbani mpaka mlangoni, watoto mgongoni, na wakati wa kutakiana amani kila mmoja akataka mkono wangu. Sijui kama kuna kitu kitamu kwa mgonjwa kuliko kuona watu wamefunga kazi zao kwa ajili yake. Na mstari wa yule nesi ulikuwa umefika chini kabisa.

Mama ndiye aliyetatua tatizo hilo, wala hakusoma popote. Kesho yake alitoa benchi nje chini ya mparachichi, akaweka ndoo ya koki na sabuni pembeni, akanifunika blanketi, na kuanzia siku hiyo wageni wote walipokelewa pale. Mwenye mafua aliombwa asalimie kutoka kwenye ua. Shangazi yangu alifika kutoka bonde la pili na bodaboda, kibuyu cha mtindi kifuani, kuku mikononi, akaja moja kwa moja kunikumbatia.

"Wifi, nawa kwanza, ukae pale," mama akamwambia. "Daktari kakataza."

"Daktari gani anamkataza mtu asimsalimie mtoto wa kaka yake?"

"Huyo huyo aliyemtoa nywele."

Shangazi akanitazama kichwa, akanyamaza, akaenda kunawa. Mtindi mama aliupokea kwa mikono miwili na shukrani zote, wakaunywa wengine. Mimi nilipewa maziwa yaliyochemka, ndizi mbivu niliyoimenya mwenyewe, na chakula kilichotoka jikoni kikitoa moshi. Kachumbari nikaisahau. Kuku na mbuzi waliokuwa wakilala jikoni walijengewa kibanda nje. Maji ya kuchemsha kwa mama hayakuwa somo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walipovuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja na Benaco ikageuka mji, yeye alikuwepo, na maji yasiyochemshwa yanafanya nini kwenye umati alishaona kwa macho.

Palipokuwa pagumu ni kwa kaka yangu mkubwa. Alikuwa amemtafuta mtaalamu wa mitishamba, na mtaalamu alitaka anichanje chale shingoni apake unga wake. Kaka alikuwa ameshamlipa. Kumkatalia mkubwa wako mbele ya mgeni wake si jambo la kukurupukia, na sikutaka kuanza kesi ya hospitali na mitishamba, kesi isiyokwisha. Nilimwambia tu, "Kaka, ngozi yangu kwa sasa haishiki. Nikichanjwa leo, jeraha halifungi. Tumngojee amalize daktari." Wembe ukarudi mfukoni. Kwa mtu asiye na neutrofili, chale moja ni mlango uliokosa komeo.

Januari shule zikafunguliwa, nikarudi Biharamulo ingawa nilikuwa kwenye likizo ya ugonjwa, maana mke wangu yuko kazini pale. Ndipo Marburg ikatangazwa. Naandika hili kwa haya kidogo, kwa kuwa kuna waliofiwa: tangazo lile lilinilinda. Yale ambayo mama alikuwa anayadai kwa ubishi chini ya mparachichi, wilaya nzima iliyatimiza kwa siku moja. Mikono ikarudi mifukoni. Ndoo za kunawia zikatokea dukani, kanisani, stendi. Watu wakapungia kwa mbali, na hakuna aliyeona kwamba nina majivuno. Nilikaa na kuwaza kwamba kumbe inawezekana. Ila tunangoja hofu kubwa ndipo tumpe mgonjwa mmoja nafasi anayohitaji. Machi mlipuko ulipotangazwa kwisha, mikono ilirudi siku ile ile.

Lakini kabla ya Machi kulikuwa na usiku ule.

Niliamka natetemeka. Mke wangu akawasha taa ya simu, akanipa kipimajoto cha kwapani, akasimama juu yangu mpaka kilipolia. 38.6. Akapima tena. Panadol ilikuwa mezani, karibu na glasi, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda, akaisogeza. Nesi wa Mwanza alikuwa amemwambia yeye, siyo mimi, kwamba kikifika 38 na kikabaki hapo, au kikagusa 38.3 hata mara moja, hakuna kumeza cha kushusha, hakuna kulala, twende. Wanajua wa kumwambia.

Kijana wa bodaboda wa jirani alikuja, akaniona nimejikunyata kwenye blanketi na kitambaa chenye damu mdomoni, akakumbuka kwamba pikipiki yake haina mafuta. Simlaumu. Shemeji yangu alikuja na gari.

Hospitali sitaitaja. Getini walinielekezea kile kipimajoto cha kupiga kwenye paji la uso, namba ikatoka, mlinzi akarudi nyuma hatua mbili. Nikawekwa peke yangu kwenye benchi chini ya turubai, mbali na wengine. Mke wangu alisimama nje ya kamba akisema kwa sauti, "Huyu yuko kwenye kemo! Ni mgonjwa wa kansa!" Mlinzi akamjibu kwa upole, "Mama, hapa wote ni wagonjwa." Kunitenga halikuwa kosa. Kwa dalili zile, mwezi ule, ningekuwa mimi ndiye mlinzi ningenitenga. Tatizo lilikuwa kwamba kutengwa kulionekana kumetosha. Muda ukapita, na homa ya mtu asiye na kinga haihesabiwi kwa siku. Dawa za bakteria za kwenye mshipa zinatakiwa ziingie ndani ya saa moja tangu afike, kabla hata majibu ya maabara hayajatoka.

Hatimaye akaja mhudumu amevaa mavazi ya kinga, akanitoboa kidole, akapima malaria. Mistari miwili. Nilimwona akipumua. "Bahati yako, Mwalimu. Ni malaria tu." Akaandika dawa mseto.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe, nami naomba msomaji akae hapo kidogo. Kagera si mkoa wa kushangaa kipimo cha malaria kikionyesha. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 uliwakuta watoto wadogo wanne katika kila kumi mkoani humu na malaria kwa kipimo cha kidole. Hesabu imeshuka sana tangu wakati huo, lakini malaria haijahama. Mtu mzima aliyekulia huku anaweza kutembea na vimelea kwenye damu bila kuumwa, na kipimo cha kidole kinaweza kubaki na mistari miwili wiki kadhaa baada ya kutibiwa. Mistari miwili inasema malaria ipo au ilikuwepo. Haisemi kwamba hakuna kingine. Kwa mtu mwenye chembe zake zote, daktari anaweza kubahatisha na kungoja siku mbili aone. Aliye siku ya kumi ya kemo hana siku mbili.

Kilichoniokoa ni karatasi. Mke wangu aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, akaipitisha juu ya kamba. Ilikuwa nusu ukurasa kutoka Mwanza, yenye muhuri: jina la ugonjwa, majina ya dawa, tarehe ya dripu ya mwisho, na sentensi iliyosema kwamba akipata joto la 38 au zaidi apimwe picha kamili ya damu na aanzishiwe antibiotiki za mshipa mara moja, bila kusubiri majibu, na chini kabisa namba ya simu ya wodi. Daktari kijana aliitwa. Aliisoma chini ya taa huku kioo cha barakoa yake kikifunga ukungu, akaisoma tena, akavua glovu akapiga simu. Alizungumza dakika chache tu. Aliporudi alikuwa na trei yenye sindano na chupa za dawa, akasema, "Malaria tunaitibu. Na hili jingine tunalitibu sasa hivi." Sampuli ya Marburg ikachukuliwa pia, kwa utaratibu, na majibu yalipokuja hayakuwa na kitu.

Majibu ya picha kamili ya damu yalitoka asubuhi. Neutrofili 300.

Nililala pale mpaka joto liliposhuka na chembe zikaanza kupanda. Dripu iliyofuata ikasogezwa mbele, na baada yake nikaanza kuchomwa sindano za tumboni za kuusukuma uboho ufanye kazi. Sindano hizo ni ghali. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina bima. Kwenye benchi la Bugando nilikaa na mkulima mmoja wa Kagera, naye aliandikiwa sindano hizo hizo, akaikunja karatasi vizuri akaiweka kwenye mfuko wa shati. Sikumuuliza.

Tangu nimalize matibabu watu hunipigia simu, zaidi wa Ngara, maana habari za mwalimu aliyepona husafiri. Wanauliza juu ya chakula cha kuongeza damu, juu ya mizizi, juu ya juisi ya rozela. Mimi nawauliza kama wana kipimajoto. Wengi hawana, ingawa cha kwapani kinauzwa duka la dawa. Nawaambia wapime kwapani, wasipime kwa njia ya haja kubwa, na watumie mswaki laini. Nawaambia tarehe ya dripu iandikwe ukutani ili kila aliye nyumbani ajue siku za bondeni zinaanza lini. Wageni wapokelewe nje. Bustani na mifugo waachiwe wengine kwa wiki hizo. Na waombe karatasi kabla hawajatoka wodini, yenye muhuri na namba ya simu, kwa sababu usiku wa manane mhudumu wa zahanati haamini maneno ya mgonjwa anayetetemeka, na ana haki hiyo.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya ziwa, na foleni ya kivuko, ambako nilikuwa nakaa ndani ya basi nimevaa barakoa huku abiria wakinisogelea kununua samaki dirishani, imekwisha. Mwanza imekuwa karibu. Bado kwa homa ya saa nane usiku Mwanza ni mbali, na itabaki mbali. Atakayempokea mgonjwa ni zahanati ya kata au hospitali ya wilaya, kwenye zamu yenye mhudumu mmoja na foleni ya watoto wenye malaria.

Kwa hiyo ninyi wahudumu wa Ngara na Biharamulo, mnaofanya kazi hiyo kwa vifaa mlivyonavyo, nawaomba swali moja liongezwe kwenye meza ya kadi, baada ya jina na umri: "Unatumia dawa za kansa?" Akijibu ndiyo, na joto limefika 38, asikalishwe kwenye benchi.